Ashwagandha kwa anayemeza dawa ya thairoidi na ya presha: aanze au aache?

binti_dodoma

Wakuu, habari za majukumu. Naomba kujuzwa na wenye ujuzi wa dawa, wauzaji tafadhali mtupishe kidogo.

Mama yangu mdogo, miaka 52, ameuziwa kopo la ashwagandha (dawa ya mzizi wa Kihindi) mtandaoni kwa ajili ya usingizi na mawazo. Thairoidi yake (tezi ya shingoni) ilishapungua nguvu, kwa hiyo anameza levothairoksini mikrogramu 75 kila asubuhi, na amlodipini mg 5 jioni. TSH ya mwisho (kipimo cha damu ambacho hupanda thairoidi ikilegea na kushuka homoni ikizidi) ilisoma 2.4. Kopo halijafunguliwa, ninalo mimi.

Lebo inasema: kapsuli 60, dozi moja ni kapsuli 2, kwenye dozi moja mna dondoo ya mzizi mg 600 yenye withanolaidi (viambato vikuu vya mzizi huu) 5%, pamoja na dondoo ya pilipili manga mg 10. Pembeni ana kopo jingine la peremende za kutafuna, zile za nywele na kucha, bayotini mikrogramu 5,000.

Je, inagombana na dawa zake? Muuzaji amemwambia akiogopa kapsuli achukue unga wa mzizi, kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto usiku, eti unga ni chakula tu. Ni kweli? Na kama akianza, dalili zipi ni za kukimbilia hospitali?

mfamasia_wa_zamu

Dada, asianze. Mtu mzima asiye na ugonjwa wala dawa yoyote akitumia hii kwa wiki chache, mara nyingi ataishia na maudhi madogo madogo: tumbo kuvuruga, kuharisha kidogo, kichefuchefu, usingizi mzito. Mama mdogo hayumo katika kundi hilo.

Jambo kubwa ni thairoidi. Ashwagandha huisukuma tezi itoe homoni zaidi. Kuna jaribio lililochapishwa 2018 huko India, watu 50 ambao thairoidi zao zilikuwa zimeanza kulegea, nusu wakapewa mg 600 za dondoo ya mzizi kwa siku kwa wiki 8. Waliopewa mzizi TSH ilishuka, T3 na T4, yaani homoni zenyewe za thairoidi, zikapanda. Ona kwamba mg 600 ndiyo dozi ileile iliyo kwenye kopo lako. Wauzaji huitaja habari hii kama sifa. Lakini mama mdogo tayari anapata homoni kutoka kwenye kidonge, na kipimo chake kimekaa mahali pake. Ukimwongezea kinachosukuma tezi juu ya kidonge, anavuka mstari kwenda upande wa pili: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kupungua uzito na, cha kuchekesha kama si cha kusikitisha, kukosa usingizi. Atarudi kununua kopo la pili. Kwa mwanamke wa umri huo homoni ikizidi kwa muda mrefu hula mifupa na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Presha: ashwagandha yenyewe inaweza kuishusha kidogo. Pia pilipili manga iliyomo ndani haijawekwa kwa ladha. Kiini chake, piperini, hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini na vya ukuta wa utumbo vinavyovunja dawa nyingi, na ndiyo maana watengenezaji huiweka, ili kiambato kikuu kiingie kwa wingi. Haichagui. Amlodipini huvunjwa na kimeng'enya kimojawapo kati ya hivyo, kwa hiyo inaweza kukaa mwilini kwa kiwango cha juu kuliko daktari alivyokusudia. Dalili yake ni kizunguzungu anapoinuka kitandani na miguu kuvimba kwenye vifundo. Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaomeza fenitoini (ya kifafa), propranololi (ya moyo na presha) na theofilini (ya pumu), maana kiwango chake kwenye damu kimeonekana kupanda piperini ikiwepo. Pilipili manga ya kwenye pilau haina shida hii. Tunazungumzia dondoo iliyokolezwa.

Orodha ya wengine ambao mzizi huu hauwafai, kwa wanaopita hapa: mjamzito (asiguse kabisa, kuna hofu ya kuharibu mimba) na anayenyonyesha; mwenye thairoidi iliyozidi; mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, au aliyepandikizwa figo na anameza dawa za kushusha kinga; mwenye saratani ya tezi dume, maana inaweza kupandisha testosteroni; anayemeza diazepamu, fenobabitali au dawa nyingine za kulaza. Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kushuka sukari. Anayesubiri upasuaji aache wiki 2 kabla na amwambie daktari wa usingizi. Denmark iliondoa ashwagandha kwenye virutubisho mwaka 2023, baada ya tathmini ya chuo chao cha ufundi iliyotaja homoni za thairoidi, homoni za uzazi na mimba. Nchi nyingi hazijafika huko, ila onyo la mjamzito lipo karibu kila mahali.

Dawa yake ya asubuhi iendelee kama kawaida: tumbo tupu, maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chochote chenye chuma au kalsiamu kikae mbali nayo kwa saa 4.

mzee_wa_kapu

Mnatisha watu bure. Wahindi wametumia mzizi huu vizazi na vizazi, tena unga na maziwa na samli, hakuna kapsuli. Dozi ya unga inajulikana, gramu 3 hadi 6 kwa siku. Tatizo ni hivi vidonge vya kiwandani. Na mmea wenyewe uko hapa kwetu, nenda nyika za Dodoma au Kajiado utauona kando ya barabara. Mtu achimbe wake, aukaushe, asage, hela ya mtandaoni abaki nayo.

mkausha_mizizi

Mzee wangu, kwenye gramu 3 hadi 6 uko sawa, hata kitabu cha mimea tiba cha Shirika la Afya Duniani kimeandika hivyo. Hapo kwenye kuchimba ndipo tunapoachana.

Kwanza hesabu, maana watu hulinganisha miligramu na gramu kama kwamba ni kitu kimoja. Dondoo mg 600 yenye withanolaidi 5% inampa mtu mg 30 za withanolaidi. Unga mkavu wa mzizi mara nyingi huwa na chini ya asilimia 1. Tuseme nusu asilimia: gramu 3 zinatoa mg 15, gramu 6 zinatoa mg 30. Kwa hiyo mnywaji wa unga wa dozi ya juu na mmeza kapsuli wanaweza kulingana. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 2 hadi 3 za unga, na cha kilima hukaribia mara mbili. "Kijiko kimoja" cha muuzaji kwa hiyo ni dozi kamili ya dawa, hata kikikorogwa kwenye maziwa. Upande wa pili kuna dondoo zilizokolezwa hadi 35%. Mg 240 tu za aina hiyo zina mg 84. Ukihama kutoka kopo moja kwenda jingine kwa kuangalia miligramu za nje pekee, unaweza kujikuta umezidisha karibu mara tatu. Tazama pia ujanja wa "dozi moja ni kapsuli 2". Wapo wanaosoma mg 600 wakadhani ni kwa kila kapsuli moja, na wapo wanaomeza 2 asubuhi na 2 usiku.

Pili, sehemu ya mmea. Mzizi na majani havifanani kikemia. Majani yana withaferini A kwa wingi, kiambato kinachoua seli, na huo si mzaha. Majani ni bei rahisi, kwa hiyo viwanda vingine huyachanganya ili asilimia ya withanolaidi ipande kwenye karatasi. Mwaka 2021 Wizara ya AYUSH ya India, ile ya tiba asili, iliwataka watengenezaji waache kutumia majani. Lebo ikisema "ashwagandha" tu bila kutaja mzizi, iache dukani. Kwa unga, mwaga kidogo kwenye karatasi nyeupe juani. Wa mzizi ni rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo au kahawia hafifu, una uchungu na harufu nzito ya zizi la farasi. Ukiona ukijani, kuna majani au shina. Kipimo cha iodini cha kutafuta wanga wa mihogo hakisaidii hapa, kwa sababu mzizi wenyewe umejaa wanga, utageuka bluu hata ukiwa safi.

Sasa wa porini. Ni kweli *Withania somnifera* inaota Kenya na Tanzania, kichaka kifupi chenye tunda jekundu dogo ndani ya ganda jepesi kama karatasi. Ila kemia yake hubadilika kulingana na asili ya mbegu na mahali, na wa kwetu haujachaguliwa kwa ajili ya kunywewa. Unaouzwa Neemuch, kule Madhya Pradesh, hulimwa, hung'olewa baada ya miezi 5 au 6, huoshwa, hukatwa vipande vya sentimita 7 hadi 10 na kukaushwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 10 hadi 12. Anayechimba kando ya barabara kuu anachimba na risasi (madini yenye sumu) ya moshi wa magari ya miaka yote. Akikausha nusunusu na kufunga kwenye mfuko wa plastiki, ukungu unaingia, na ukungu wa mizizi unaweza kuleta sumukuvu. Tena familia hii ndiyo ya mnanaha, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta unaorusha akili watu. Mizizi ikishakatwa vipande hakuna anayeitofautisha kwa macho.

Kuhusu risasi, wanunuzi wa mtandaoni wasikie: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulipima dawa 193 za Kiayurveda (tiba asili ya India) zilizonunuliwa kwenye intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Zilizotengenezwa kwa kuchanganya madini na mitishamba kwa makusudi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, lakini za mitishamba mitupu nazo hazikupona zote. Kopo linalofaa kufikiriwa lina jina la Kilatini, sehemu ya mmea, asilimia ya withanolaidi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, anwani ya kiwanda, na muuzaji anaweza kukutumia cheti cha maabara chenye namba ya toleo hilohilo. Cheti cha toleo jingine ni pambo.

Na kwa ndugu wa Kakamega wanaouliza inbox: hapana, si mukombero. Mukombero ni *Mondia whytei*, familia nyingine, mzizi wa kutafuna mbichi wenye harufu tamu ya vanila. Madhara ya huu msiyapachike kwa ule.

fundi_sanifu_maabara

Nimeona bayotini kwenye swali na hakuna aliyeigusa. Hapo pana mtego.

Mashine nyingi za kupima TSH na T4 hutumia bayotini kama gundi ndani ya kipimo. Mgonjwa akija na bayotini nyingi kwenye damu, gundi inavurugika: TSH inasoma chini kuliko ukweli, na T4 huru inasoma juu. Mwili unahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, peremende moja ina 5,000. Majibu yanayotoka ni picha kamili ya mtu aliyezidishiwa levothairoksini. Daktari akiyaamini anapunguza dozi, na mama anaanza kuchoka, kuvimba uso na kufunga choo wakati dozi yake ilikuwa sahihi.

Sasa ongeza ashwagandha juu yake, ambayo inaweza kushusha TSH kwa kweli. TSH ikisoma 0.1, ni mzizi au ni peremende? Hakuna atakayejua. Aache bayotini angalau siku 2, mimi napendelea 3 kwa dozi hiyo, ndipo atolewe damu. Mpokea sampuli hatakuuliza, mwambie mwenyewe. Na ile 2.4 iliyotajwa juu, kama ilipimwa akiwa anatafuna hizo peremende, mimi nisingeiamini. Irudiwe.

Kwa wanaomeza dijoksini (dawa ya moyo): baadhi ya vipimo vya kiwango cha dijoksini kwenye damu huchanganywa na ashwagandha, kwa sababu viambato vyake vina umbo linalofanana. Mtajeni mzizi kwenye fomu.

Dalili za hatari sasa, maana swali la tatu halijajibiwa. Ini ndilo la kuangalia. Ripoti ya 2020 ilikusanya wagonjwa 5, 3 wa Iceland na 2 wa Marekani, walioumia ini baada ya wiki 2 hadi 12 za ashwagandha. Dozi zao zilikuwa mg 450 hadi 1,350 kwa siku, kwa hiyo hazikuwa za ajabu. Wote walipona baada ya kuacha, ila ini lilichukua mwezi 1 hadi 5 kurudi sawa. Ripoti za baadaye kutoka India hazikuwa na bahati hiyo: waliokuwa na ugonjwa sugu wa ini kabla, baadhi yao walifariki. Ni nadra, lakini huku kwetu wapo wengi wenye homa ya ini B wasiojijua. Hicho kipimo ni cha kidole tu, kifanywe kabla ya kuanza dondoo yoyote ya mzizi.

Kinachotangulia mara nyingi ni mwasho wa mwili mzima bila vipele, mbaya zaidi usiku, kwa sababu nyongo imekwama. Kisha mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, choo kinapauka kama udongo mfinyanzi, hamu ya kula inakatika, upande wa kulia chini ya mbavu unauma. Kwa ngozi nyeusi usitafute manjano mkononi. Mtazame weupe wa jicho mchana, karibu na dirisha, akiangalia chini huku ukiinua kope la juu. Taa ya njano ya ndani inadanganya. Jicho likishaonekana manjano, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo kwenye damu) ilishapita mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida.

Kipimo ni cha utendaji wa ini: ALT, AST, ALP, GGT na bilirubini. ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia) ikiwa na kikomo cha 40, basi 120 ukiwa na dalili yoyote kati ya hizo ni ya kuacha papo hapo na kuonana na daktari siku hiyohiyo. 200 bila dalili, vilevile unaacha. Akianza kuchanganyikiwa, kulala ovyo mchana au kutoka damu kwenye fizi, hiyo ni gari na dharura, usisubiri foleni ya kliniki.

chausiku_m

Samahani kuingilia. Mtu aliye kwenye dozi ya TB, mwezi wa pili, anaruhusiwa unga kidogo wa kurudisha nguvu?

mfamasia_wa_zamu

Hapana, hata kidogo. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu zinaweza kuumiza ini, na miezi 2 ya kwanza ndipo zinapotumika kwa pamoja. Ini likianza kulia katikati ya hapo, daktari hulazimika kusimamisha dawa zote na kuzirudisha moja moja akitafuta mkosaji. Ukiongeza mzizi, umemwongezea mshukiwa wa nne, na siku za tiba zinapotea wakati vimelea vinazoea. Nguvu zake zitarudi kwa chakula na dozi kukamilika. Anayemeza ARV naye aseme kliniki kabla ya kuanza chochote cha mitishamba, na kopo aende nalo, asisimulie tu kwa mdomo.

@mzee_wa_kapu, heshima yako mzee, ila huko India kwenyewe mganga wa Kiayurveda humpima mtu kwanza, na hampi kila anayeomba.

binti_dodoma

Nashukuruni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Peremende nimemwambia asimamishe leo, TSH tutarudia wiki ijayo. Swali la mwisho: daktari wake akisema anaweza kujaribu, ufuatiliaji unakuwaje? Na kama tayari mtu ameshatumia na kapata madhara, anaripoti wapi?

mfamasia_wa_zamu

Daktari akikubali, ombeni isiyo na pilipili manga, dondoo ya mzizi mtupu, mg 300 mara moja kwa siku pamoja na chakula cha usiku, na asianze wiki ileile anapobadilisha dawa nyingine yoyote. Kabla ya kuanza: TSH, T4 huru, utendaji wa ini, homa ya ini B, presha ya siku kadhaa iliyoandikwa. Ini lirudiwe baada ya wiki 4. TSH irudiwe wiki ya 6 hadi 8, kwa sababu homoni ya levothairoksini hukaa mwilini, nusu yake huondoka baada ya kama siku 7, na TSH huchelewa kutulia. Ukipima wiki ya pili unapima ya zamani. Asivuke miezi 3, majaribio mengi yaliishia hapo au kabla, na mbele ya hapo hakuna wa kukushika mkono. Akiacha mzizi, TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, hasa kama dozi ya kidonge iliguswa katikati.

Binafsi ningeuliza kwanza kwa nini halali. Miaka 52, ulizieni majoto ya usiku ya kukoma hedhi, ulizieni kukoroma, chai ya jioni, na saa anayomeza kidonge cha thairoidi. Wapo wanaokimeza usiku kwa kusahau asubuhi, kisha wanakimeza tena asubuhi.

Kuripoti: Tanzania ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Si lazima uwe daktari, mgonjwa mwenyewe anaweza. Wanachohitaji ni jina la bidhaa, namba ya toleo, dozi aliyotumia, tarehe ya kuanza na ya kuacha, dawa nyingine zote anazomeza, dalili na tarehe zilipoanza, na majibu ya maabara kama yapo. Kapsuli zilizobaki zisitupwe wala kuhamishiwa kwenye kopo jingine. Zifungwe na lebo yake, maana bila namba ya toleo hakuna cha kupima.

fundi_sanifu_maabara

Nyongeza ndogo: damu ya TSH itolewe asubuhi kabla hajameza kidonge cha siku hiyo, na kila mara maabara ileile. Mashine mbili tofauti zinaweza kutofautiana vya kutosha mtu akabadilishiwa dozi bila sababu.